Mbarak Bombay na Mwaka wa 1871

Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950. Tangu hapo mzigo wa mkulima wa Kabungu ukishafika stesheni hupandishwa katika behewa, nao huenda zake mpaka Tabora na pwani bila ya kumchosha mtu shingo. Jambo hili tumelizoea, hata hatulifikiri tena. Lakini wazee wa wazee wetu hawakuwa na behewa. Kila kilichoingia katika nchi ya Mpanda na kila kilichotoka kilipita juu ya kichwa au bega la mwanadamu, katika njia nyembamba ya miguu iliyokatiza miombo na mininga.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 1871, msafara wa watu wapatao 50 ulikuwa ukipita katika misitu hiyo ya Ukonongo na Ukawendi, nchi ambayo sasa imo katika Mkoa wa Katavi. Katika watu hao Mzungu alikuwa mmoja tu, naye jina lake liko katika kila kitabu cha shule: Henry Morton Stanley. Wengine wote walikuwa Waafrika, pamoja na kijana mmoja Mwarabu aliyekuwa mkalimani. Wengi wao hawana jina katika kitabu chochote. Lakini kiongozi wa askari wa msafara ule jina lake limebaki, na leo tunataka kusimulia maisha yake. Naye ni Sidi Mubarak, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bombay.

Tunamchagua mtu huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna mtu mwingine wa zama zile aliyekuwapo katika safari nyingi kama yeye, zile ambazo Ulaya iliziita safari za uvumbuzi. Ya pili, mwaka ule wa 1871 ulifunga pamoja watu na mahali ambapo hapakuwa na uhusiano dhahiri: Nyangwe katika Kongo, Urambo kwa Mirambo, Ujiji ziwani, Unguja pwani, na misitu hii ya Mpanda. Mwenye kutaka kuelewa jinsi fundo lile lilivyofungwa, yafaa amfuate mtu aliyetembea njia yenyewe kwa miguu.

MTOTO WA UYAO

Bombay alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, upande ambao leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Jina alilopewa na wazazi wake limepotea. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara kutoka pwani walikuja kijijini kwao na bunduki, wakidai deni la bidhaa walizokuwa wamekopesha. Watu wa kijiji hawakuwa na silaha za namna ile. Waliokamatwa walifungwa wakateremshwa Kilwa, na huko mtoto yule akauzwa kwa nguo. Akavushwa bahari mpaka Bara Hindi, akamtumikia tajiri mmoja kwa miaka mingi. Huko ndiko alikopata majina yake yote. Sidi ndivyo walivyoitwa watu wenye asili ya Afrika katika pwani ya Bara Hindi. Mubarak maana yake aliyebarikiwa. Na Bombay ni mji.

Bwana wake alipokufa, Bombay alipata uhuru wake. Hakubaki ugenini. Alirudi Unguja akaandikwa katika askari wa Sultani, akawekwa katika kituo kimoja cha bonde la Pangani. Huko ndiko Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walikomkuta mwanzoni mwa mwaka 1857, walipokuwa wakijitayarisha kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Walimwona ni mtu mfupi, mchangamfu, asiyechoka, wakamchukua.

Hapa liko jambo ambalo twaomba msomaji alitie moyoni. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Lugha pekee aliyoweza kuzungumza na Bombay ilikuwa Kihindi, kwani Speke alikuwa ofisa wa jeshi katika Bara Hindi, na Bombay alikijifunza utumwani. Kwa hiyo kila neno ambalo Speke aliambiwa na mwenyeji juu ya mito, milima na maziwa, lilitoka katika Kiswahili au lugha ya hapo, likaingia katika sikio la Bombay, likatoka kinywani mwake kwa Kihindi, ndipo likaandikwa kwa Kiingereza. Lugha aliyofundishwa akiwa mtumwa ndiyo iliyokuwa daraja la elimu ile yote.

Mwezi wa Februari 1858 msafara wa Burton na Speke uliliona Ziwa Tanganyika. Katika mwezi wa Agosti mwaka huohuo Speke, akiwa pamoja na Bombay, alifika katika ncha ya kusini ya Nyanza, akaamini kuwa hapo ndipo Mto Nili unapoanzia. Burton hakukubali, na ugomvi wao ukaendelea kwa miaka. Mwaka 1860 Speke alirudi na mwenziwe James Grant, na Bombay akaandikwa tena. Walipita Karagwe, wakakaa Buganda katika baraza ya Mutesa, na mwezi wa Julai 1862 Speke alisimama mahali ambapo Nili inatoka katika Nyanza. Kisha msafara uliufuata mto mpaka Misri, na watu wa Bombay wakarudishwa Unguja kwa njia ya bahari.

Wakuu wa elimu ya jiografia huko London walimpa Bombay nishani ya fedha. Lakini si vema kusahau kwamba katika safari ileile Speke alimpiga ngumi za uso hata akapoteza meno. Basi mtu mmoja alipokea nishani ya watu wale kifuani na ngumi yao usoni, na vyote viwili kwa kazi ileile.

MWAKA WENYEWE

Tarehe 6 Januari 1871 Stanley aliteremka Unguja. Alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani, naye ametumwa kumtafuta David Livingstone, ambaye kwa muda mrefu Ulaya ilikuwa haijapata habari zake za uhakika. Stanley hakuwa amekanyaga bara hata siku moja. Mtu wa kwanza aliyemhitaji alikuwa yule anayeijua njia, na kila aliyeulizwa alimtajia Bombay na wenziwe waliosafiri na Speke. Akamwandika Bombay kuwa mkuu wa askari kwa dola 80 kwa mwaka, nusu yake ikalipwa kabla ya safari. Askari wa kawaida alipata dola 36. Mizigo ilikuwa tani zipatazo 6: merikani na kaniki, shanga, waya za shaba, baruti, mahema na mashua. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, naye aliubeba tangu alfajiri mpaka jua kali. Watu wote wa misafara mitano aliyoipeleka Stanley walikuwa 192.

Msafara wa mwisho ulitoka Bagamoyo mwezi wa Machi na kufika Tabora tarehe 23 Juni. Hapo ndipo mambo mawili makubwa ya mwaka ule, yaliyotokea mbali mbali, yalipoanza kuvuta kamba zao.

La kwanza lilitokea Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa utumwa waliingia sokoni, wakawamiminia risasi wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone alikuwapo, akayaona kwa macho yake. Alikuwa amekusudia kuufuata mto ule ajue mwisho wake. Lakini baada ya siku ile hakuweza tena kukaa na watu wale. Akageuka, mgonjwa na maskini, akashika njia ya kurudi Ujiji. Alipofika mwezi wa Oktoba alikuta bidhaa alizoletewa zimekwisha uzwa na mtu aliyekabidhiwa. Lau si mauaji ya Nyangwe, hakuna ambaye angalimkuta Ujiji mwaka ule.

La pili lilitokea katika Unyamwezi. Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Matajiri wa Tabora walikuwa wamezoea kuipita nchi yake wakienda kuchuma pembe, nao hawakumhesabu kuwa mtu wa kushauriana naye. Mwezi wa Agosti walikwenda kumpiga, na Stanley akaingia vitani upande wao pamoja na askari wake. Walimdharau Mirambo. Alipoiacha ngome ya Wilyankuru wakaiteka wakafurahi, na walipokuwa wakirudi wamebeba pembe na mateka, ruga-ruga wake waliokuwa wamejificha katika majani wakawazukia wakawaua. Kabla mwezi haujaisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe akaichoma moto sehemu kubwa. Stanley alijifunza kwamba mwenye nchi ni yule aliyeshika njia, na njia ilikuwa mikononi mwa Mirambo.

Ndiyo sababu msafara ulikuja huku kwetu. Tarehe 20 Septemba uliondoka Tabora, na badala ya kwenda magharibi moja kwa moja, ulielekea kusini kupitia Ugunda, ukaingia Ukonongo, ukazunguka kupitia misitu ya Ukawendi, ndipo ukageuka kaskazini kuutafuta mto Malagarasi. Wale Wazungu wawili mabaharia waliokuja na Stanley hawakuwamo tena. Mmoja aliachwa Mpwapwa, wa pili alirudishwa Tabora baada ya mwendo wa siku chache, na wote wawili wakafa. Basi nchi ya Mpanda iliingia katika habari ile ya dunia kwa sababu mtemi mmoja wa Kiafrika alikataa kudharauliwa katika nchi yake.

UGOMVI WA MTO GOMBE

Katika siku za kwanza za safari watu wengi walitoroka. Walikuwa wametoka vitani, wameona wenzao wakifa, na sasa wanaingizwa katika nchi wasiyoijua. Bombay alitumwa kuwafuata. Alirudi na baadhi yao, nao wakachapwa mijeledi wakatiwa mnyororoni. Hatulifichi jambo hili. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akafungwa, akauzwa, ndiye aliyekwenda kuwaleta wenziwe mnyororoni. Kazi yake ilimweka kati, juu ya wapagazi na chini ya bwana, na mtu wa kati hupigwa na pande zote mbili.

Siku chache baadaye zamu yake ikafika. Msafara ulikuwa umepiga kambi kando ya mto Gombe, mahali penye maji na wanyama tele. Kwa siku mbili tatu watu walikula nyama wakashiba, wakapumzisha mabega. Siku ya kuondoka ilipokaribia walimwomba Bombay awasemee kwa bwana, wapewe siku moja zaidi. Bombay akaenda akasema. Stanley akakataa, akaamuru safari ya asubuhi.

Asubuhi, tarehe 7 Oktoba, watu waliondoka kwa manung'uniko. Walipokwenda mwendo mdogo wakatua mizigo njiani, wakakaa makundi makundi. Stanley alipokuja akaona bunduki mbili zikimtazama kutoka nyuma ya kichuguu: ya Asmani, kiongozi wa njia, mtu wa kimo kikubwa sana, na ya mwenziwe Mabruki. Stanley akaelekeza yake. Kwa dakika chache habari yote ya mwaka 1871 ilining'inia katika kidole cha mtu mmoja. Mabruki mwingine, mzee aliyekuwa na Speke, akaingia kati akailaza chini bunduki ya Asmani, na damu haikumwagika. Stanley akawasamehe wengi. Lakini kisasi kilihitaji mtu, na mtu akapatikana. Bombay alihesabiwa kuwa ndiye mchochezi. Akapigwa kwa mpini wa mkuki, akatiwa mnyororoni pamoja na Ambari, mpaka walipoomba radhi.

Katika vitabu vya zamani jambo hili huitwa maasi. Sisi tukilitazama kwa macho ya watu wa kazi, twaliona kwa namna nyingine. Watu waliobeba kilo 30 kila siku waliomba mapumziko ya siku moja. Walimtuma mkuu wao kwa adabu. Waliponyimwa, walitua mizigo. Kuhusu bunduki ya Asmani hatuna la kutetea, kwani ingaliwaangamiza wote katika msitu usio na msaada. Lakini yule aliyeadhibiwa zaidi ni yule aliyepeleka maneno ya wenziwe. Kila mfanyakazi aliyewahi kuchaguliwa na wenzake awasemee mbele ya mkubwa wa kazi ataitambua hali ile bila ya kufafanuliwa.

Pamoja na hayo msafara uliendelea, na Bombay akarudi katika kazi yake.

KUTOKA UKONONGO MPAKA UJIJI

Nchi waliyoipita ilikuwa nzuri na ngumu. Wakonongo waliwapokea kwa Mrera wakauza chakula. Mbele yake vilikuwa vijiji vilivyovunjwa na vita, na msitu wa siku nyingi usio na mtu. Ukawendi una milima, mabonde yenye vijito vya maji safi, nyati, pundamilia na viboko. Lakini mtu asiyeijua hufa njaa katikati ya uzuri huo. Posho ikaisha. Watu wakala matunda ya msituni na uyoga. Tunataja haya kwa kuwa wakaaji wa Kabungu na vijiji jirani wanayajua mambo hayo, matunda yepi huliwa na yepi hayaliwi, na wapi mto haukauki kiangazi. Elimu hiyo ndiyo iliyoulisha msafara, nayo haikuandikwa kwa jina la mtu yeyote.

Mwanzo wa Novemba walifika Malagarasi. Katika kuvuka, mamba akamkamata punda mmoja akamzamisha. Ng'ambo, katika Uvinza na Uha, kila mkubwa alidai hongo, na nguo zikaanza kwisha. Mwishoni wakaondoka usiku kimya kimya, wakapita porini wasipite vijijini. Ndipo wakaliona ziwa. Stanley alikuwa akiliona mara ya kwanza. Bombay alikwisha liona miaka 13 kabla yake.

Yaliyotokea Ujiji mwezi ule wa Novemba 1871 yanajulikana na kila mtoto wa shule, hata maneno ya salamu. Sisi twaongeza jambo moja tu. Kabla Wazungu wale hawajaonana, Susi, mtu wa Livingstone, alikuja mbio kuulaki msafara. Watu wawili walikutana mbele ya ulimwengu, lakini waliowakutanisha walikuwa makumi.

Kisha wakafanya uvumbuzi mmoja ambao wengi wameusahau. Burton alikuwa ameshikilia kwamba huenda Ziwa Tanganyika linalisha Nili kupitia mto Rusizi ulioko kaskazini. Mwezi huohuo Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini, wakaona kwa macho kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Basi Tanganyika haikuwa chimbuko la Nili kwa njia ile. Ulaya iliipokea habari hiyo kama jambo jipya. Lakini mwaka 1858, Burton na Speke walipofika Uvira wakashindwa kuendelea, wenyeji walikuwa wamekwisha waambia kwamba mto ule unaingia. Bombay alikuwapo, naye ni katika waliofafanua maneno ya wenyeji. Miaka 13 ilipita kabla neno la mvuvi wa Uvira halijaaminiwa, nalo liliaminiwa lilipotiwa sahihi na mgeni.

Tarehe 27 Desemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji pamoja. Njia ya Mirambo ilikuwa bado imefungwa, kwa hiyo waliteremka ziwani kuelekea kusini, wakatua, wakaikata tena nchi ya Ukawendi na Ukonongo katika masika. Walifika Tabora tarehe 18 Februari 1872. Hivyo mwaka ule mkubwa ulimalizika palepale ulipopita, katika misitu ya Mpanda, watu wakiwa wamelowa na njaa imewashika. Stanley alikwenda zake pwani na barua za Livingstone. Habari za mauaji ya Nyangwe zilizokuwamo ziliwachoma watu wa Uingereza, na mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash akalazimishwa kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

BAHARI YA PILI

Bombay alilipwa akaenda zake, lakini hakukaa sana. Mwaka 1873 Mwingereza Verney Lovett Cameron alitumwa kumpelekea Livingstone msaada, akamwandika Bombay kuwa mkuu wa msafara. Walipokuwa Tabora, mwezi wa Oktoba, wakaja watu wa Livingstone na habari ya kifo. Chuma, Susi na wenziwe walikuwa wamemzika moyo wake kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakaukausha mwili wake, nao wakiubeba kuupeleka pwani. Bombay alikuwapo Tabora siku zile. Katika habari ndefu ya misafara hatuijui nyingine inayoonyesha wazi hivi uaminifu na akili ya uongozi ya watu wasiokuwa na Mzungu yeyote wa kuwaamuru.

Cameron aliendelea. Mwezi wa Mei 1874, akiwa na Bombay, aliukuta mto Lukuga, ambao ndio mlango wa Ziwa Tanganyika wa kutokea maji kwenda Kongo. Kwa hiyo swali lililoanza mwaka 1858 na kujibiwa nusu mwaka 1871 lilipata jibu lake lote. Mwezi wa Novemba 1875 mabaki ya msafara, wamekonda na kuugua, walifika pwani ya Angola karibu na Benguela. Mtoto wa Uyao aliyevushwa bahari ya mashariki akiwa mtumwa, alisimama mbele ya bahari ya magharibi baada ya kuikata Afrika nzima kwa miguu. Hesabu ya safari zake zote hukadiriwa kuwa kilomita zaidi ya 9,000.

Mwaka 1876 wakuu wale wa jiografia walimpa malipo ya uzeeni. Hakusafiri tena. Alifariki mwezi wa Oktoba 1885.

HUKUMU YETU

Tazama mwaka aliofia. Mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulikuwa umemalizika mwezi wa Februari 1885. Mwezi wa Agosti manowari za Wajerumani zilielekeza mizinga yao Unguja, mpaka Sultani akakubali matakwa yao. Mirambo alikuwa amekwisha kufa mwezi wa Desemba 1884, na Unyamwezi haikumpata tena mtu wa kimo chake. Ramani zilizowekwa juu ya meza za Ulaya zilitokana na safari zile alizoziongoza Bombay. Nchi hii yetu ya Mpanda ilitiwa katika milki ya Wajerumani na watu ambao hawakuwahi kuiona.

Basi wapo watakaosema kwamba Bombay aliwafungulia mlango wakoloni. Wapo wengine watakaosema kwamba alikuwa mtumishi tu, hana la kulaumiwa wala la kusifiwa. Sisi hatukubaliani na wote wawili. Aliyeuza nchi ni yule aliyejua anauza nini na kwa bei gani. Bombay aliuza nguvu zake, macho yake na lugha zake kwa dola 80 kwa mwaka, na matumizi ya ramani hakuambiwa. Hilo ni fungu la wafanyakazi wengi wa dunia: kufanya kazi njema ambayo faida yake inaamuliwa na wengine mahali pengine. Dawa yake si kuidharau kazi ile. Dawa ni mfanyakazi kuijua kazi yake inakokwenda, na kuwa na sauti katika jambo hilo.

Lakini kusema kwamba alikuwa mtumishi tu ni kumnyang'anya mara ya pili. Mtu aliyekuwapo Tanganyika mwaka 1858, Nyanza mwaka huohuo, katika chimbuko la Nili mwaka 1862, Ujiji mwaka 1871, Lukuga mwaka 1874, na katika bahari ya magharibi mwaka 1875, huyo hakuwa kivuli cha mtu. Wazungu walibadilika kila safari, yeye alibaki. Burton hakuijua njia ya Stanley, wala Stanley hakuifika njia ya Speke akiwa naye. Aliyeziunganisha njia zote katika kichwa kimoja ni Bombay.

Alikuwa na makosa yake. Mabwana zake walimlalamikia ulevi na usahaulifu, na wapagazi walikuwa na haki ya kumlalamikia mnyororo. Hatumtaki awe mtakatifu. Twataka awe katika hesabu. Watoto wa Kabungu wanapofundishwa habari za mwaka 1871, wafundishwe kwamba siku zile msafara ulipita katika misitu ya nchi yao. Wajue ulipita kwa sababu Mirambo alikuwa ameifunga njia, na ulilishwa na Wakonongo. Wajue pia kwamba Mwafrika aliyewahi kununuliwa kwa nguo aliongoza askari wake, na kwamba siku moja alipigwa kwa kuwaombea wenziwe mapumziko. Mzungu aliyekuwa pamoja nao atajwe pia, kwa kuwa alikuwapo; lakini atajwe kuwa mmoja katika watu 50.

Behewa likiondoka Mpanda na magunia ya mavuno, kwa usiku na mchana mmoja linamaliza mwendo ambao watu wale waliuhesabu kwa majuma. Njia ya reli haina makaburi ya wapagazi. Ile ya zamani ilikuwa nayo mengi, na miti imekwisha yafunika.